Jiko banifu lenye bomba la moshi baada ya nimonia: uzoefu wangu wa vipupwe viwili Njombe

Ninaandika maoni haya baada ya kutumia jiko banifu, yaani jiko linalotumia kuni chache, lenye matundu mawili na bomba la kutolea moshi, kwa vipupwe viwili, cha mwaka 2024 na cha mwaka 2025. Sikulijenga kwa kupenda vitu vipya. Nililijenga kwa sababu nilikuwa nimetoka hospitali na nimonia, nikarudi kwenye nyumba yenye watu sita, ng'ombe wawili wa maziwa na ekari mbili za mahindi yaliyokaukia shambani, nikakuta kwamba mahali pekee ambapo sikuweza kukaa hata dakika kumi palikuwa jikoni kwangu mwenyewe.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya mji wa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Anayeijua Tanzania kwa joto la Dar es Salaam hawezi kuelewa baridi ya huku mpaka aamke alfajiri ya Julai na kukuta umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi bondeni. Wiki ya pili ya Juni 2024 nilianza na mafua ya kawaida, nikanywa chai ya tangawizi na kuendelea na kazi, kwa kuwa huo ndio wakati ambao kila kaya ina shughuli tatu kwa pamoja: mahindi yanavunwa, vinyungu, yaani bustani za bondeni, vinatengenezwa, na ng'ombe wanadai majani na maji kama siku zote. Siku ya tano nilipata homa ya kutetemeka na maumivu ya ubavu wa kulia yaliyonikata pumzi kila nilipokohoa. Mama mkwe aliniangalia mara moja tu akasema, “Hicho ni kichomi, mwanangu, usilale nacho tena.” Hospitali walipiga picha ya kifua, wakakiita nimonia, nikalazwa siku nne nikichomwa sindano, kisha nikaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya kumalizia.

Jambo ambalo sikulitegemea ni urefu wa kupona. Homa iliondoka ndani ya wiki, lakini daktari alinieleza kwamba kikohozi kinaweza kuchukua wiki sita kutulia na uchovu unaweza kufika miezi mitatu, na maneno yake yalitimia karibu siku kwa siku. Kwa kuwa kikohozi kilizidi wiki mbili, nilirudi kutoa makohozi ili kupimwa kifua kikuu, na majibu yakaonyesha sina. Muuguzi aliyenipa majibu aliniuliza ninapikia nini. Nilipomjibu kwamba ninapikia mafiga matatu ndani ya nyumba ya jiko yenye dirisha moja, ambalo wakati wa kipupwe tunaliziba kwa gunia, alitikisa kichwa na kuniambia, “Dawa umemaliza, mama, lakini ukirudi kwenye moshi uleule tutaonana tena hapa.”

Wiki hizo za mwanzo kazi za shamba zilinipita. Mahindi yalivunwa na mume wangu na vijana wawili wa vibarua, na vinyungu vyetu mwaka ule tulilima nusu tu. Ng'ombe ndio walioniumiza zaidi, kwa sababu kibarua aliyenikamulia alikuwa na haraka, akawa hamalizi maziwa kwenye kiwele wala haoshi chuchu kwa maji ya uvuguvugu, akitumia maji baridi ya bombani ambayo alfajiri yanakata vidole. Ng'ombe mmoja akapata ugonjwa wa kiwele, na kwa siku zote za dawa maziwa yake hatukuweza kuyapeleka kituo cha kukusanyia. Ninalitaja hili kwenye maoni ya jiko kwa sababu maji ya moto ya alfajiri, kama nitakavyoeleza, ndiyo yaliyofanya jiko hili lirudishe fedha yangu.

Tulifikiria gesi kwanza. Mwezi Mei mwaka uleule serikali ilikuwa imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na redio haikuwa na habari nyingine. Tulinunua mtungi wa kilo 6, na sina neno baya la kuusema: chai na uji wa watoto vinaiva kabla hawajamaliza kuvaa sare. Lakini maharage, makande na maji ya kuoga watu sita vikiingia juu ya mtungi huo, haumalizi hata wiki tatu, na kuni kwetu hatununui, kwani tuna miti ya miwati na milingoti (mikaratusi) pembeni mwa shamba. Gesi ikabaki ya asubuhi, na kazi nzito ikahitaji jiko la kuni ambalo moshi wake hautapita kifuani mwangu.

Fundi aliyetujengea anatoka kata jirani. Jiko lake ni la matofali ya kuchoma, yaliyoungwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, na ndani yake kuna njia ya moto yenye umbo la kiwiko: kuni zinaingia kwa ulalo kupitia mdomo mdogo, moto unapanda wima chini ya sufuria ya kwanza, joto linalobaki linapita chini ya sufuria ya pili, kisha moshi unatoka kwa bomba. Umbo hilo la kiwiko si la fundi wetu. Asili yake ni jiko lililobuniwa na Mmarekani Larry Winiarski miaka ya 1980, nalo limeenea duniani kwa sababu linaunguza moshi wenyewe kabla haujatoka. Matofali yalikuwa yetu. Nililipa shilingi 70,000 za ufundi, 45,000 za bomba la bati na 15,000 za wavu wa chuma unaoinua kuni ili hewa ipite chini yake. Kazi ilichukua siku mbili, kisha tukaambiwa tusubiri siku kumi udongo ukauke. Kwa baridi ile, zilikuwa wiki tatu.

Siku ya kwanza ya kuliwasha nilikaribia kulia, na si kwa furaha. Moshi wote ulirudi ndani. Fundi alikuwa amelikata bomba chini ya kimo cha paa, na upepo wa mchana ulipopiga bati uliusukuma moshi kurudi chini. Ilibidi nimpigie simu mara nne kabla hajarudi, na aliporudi alitaka nilipie kipande cha kuongezea, jambo nililolikataa kwa sababu tulikubaliana bei ya jiko linalotoa moshi. Mwishowe tuligawana gharama. Bomba sasa linapita juu ya mgongo wa paa kwa kiasi cha nusu mita na lina kofia ya kuzuia mvua, na mahali linapopenya paa tuliweka nafasi na kulizungushia bati jingine ili lisiguse mbao. Kama unajengewa, simama nje ulitazame bomba kabla hujatoa fedha ya mwisho.

Tangu marekebisho yale, moshi jikoni upo kwa dakika tatu au nne tu za mwanzo, wakati bomba bado ni la baridi na halivuti. Nimejifunza kuanza na magunzi makavu mawili matatu yanayowaka kwa mwali mkali. Bomba likishapata joto, ndipo ninaingiza kuni. Baada ya hapo ninaweza kusimama juu ya sufuria nikasonga ugali wa watu sita bila kukohoa, jambo ambalo mwezi Juni lingenitoa nje nikishika ubavu. Kuta zilizokuwa nyeusi tulizipaka chokaa Septemba ile, na mpaka leo bado unaweza kuona kwamba ni chokaa. Kuhusu kuni, mzigo mmoja uliokuwa ukitutosha siku mbili kwenye mafiga sasa unakwenda siku nne, wakati mwingine tano, tukipika vyakula vilevile.

Tundu la pili ndilo lililonishangaza. Haliwezi kupika maharage kutoka mwanzo, na fundi aliyekuambia linaweza amekudanganya, lakini linatunza joto vizuri sana. Usiku ninaacha sufuria kubwa ya maji yenye kifuniko juu yake, makaa yakiwa bado ndani na mdomo wa jiko umezibwa kwa tofali, na saa kumi na moja alfajiri ninakuta maji ya uvuguvugu ya kuoshea viwele bila kuwasha moto mpya. Agosti 2024, nilipoanza kukamua tena kwa ng'ombe mmoja huku mume wangu akikamua wa pili, nilikuwa natoka nimefunga khanga puani, nimevaa koti lake, na mikono iko kwenye maji ya moto. Tangu wakati huo hatujapata ugonjwa wa kiwele tena. Sisemi ni jiko lililouzuia, kwa kuwa kukamua mpaka mwisho kuna sehemu yake, ila maji yale yamerahisisha usafi kiasi kwamba hata kijana wetu wa miaka 14 haukwepi.

Sasa niseme kasoro ambayo hakuna muuzaji wala fundi aliyenieleza. Jiko hili linatumia kuni chache, lakini linataka kuni nyembamba na kavu, zisizozidi unene wa kifundo cha mkono. Kwenye mafiga unasukuma gogo la mlingoti nalo linaungua lenyewe mchana kutwa. Hapa gogo haliingii mdomoni, na ukililazimisha unaziba hewa na moshi unarudi. Maana yake ni shoka. Mtu anayetoka kwenye nimonia hawezi kupasua kuni: nilijaribu mwezi wa Agosti, mapigo sita tu, nikakaa chini nikihema kama aliyepanda mlima. Kazi niliyopunguziwa kwenye moshi ilihamia kwenye mikono ya mume wangu na kijana wetu, na wiki mbili za mwanzo ililalamikiwa waziwazi. Tulipatana kwamba Jumamosi zinapasuliwa kuni za wiki nzima na kupangwa chini ya upenu wa banda, kwa sababu manyunyu ya kipupwe yakizilowesha, jiko lote halina faida. Miwati inawaka vizuri kuliko milingoti, na mipaina ninaiepuka kwa sababu utomvu wake unajaza masizi kwenye bomba. Kwa mama anayeishi peke yake na anaumwa, bila mtu wa kumpasulia, nisingemshauri jiko hili kabla hajapata jibu la nani atashika shoka.

Kasoro ya pili ni baridi. Mafiga matatu yalikuwa jiko na pia mahali pa kuota moto, ambapo jioni wote sita tulikaa tukizungumza. Jiko banifu linaweka joto chini ya sufuria na kulitoa lililobaki kwa bomba, hivyo chumba kinabaki cha baridi, na mama mkwe alilitambua hilo siku ya kwanza. Wiki ya pili nilikuta ameingiza jiko la mkaa chumbani kwake usiku, na mlango umefungwa. Huko hatukubishana sana: mume wangu alilitoa palepale, maana hewa ya mkaa haina harufu wala moshi wa kukuamsha, na huku kwetu kila mtu amewahi kusikia habari ya watu waliolala nao wasiamke. Tulimnunulia blanketi zito la pili na chupa ya mpira ya maji ya moto, ambayo inajazwa kutoka kwenye sufuria ya tundu la pili. Gharama hiyo ya blanketi ninaihesabu kuwa sehemu ya bei ya jiko.

Matunzo si magumu, lakini yana ratiba. Kila baada ya wiki tatu mume wangu anafungua kofia na kusugua masizi kwa gunia lililofungwa kwenye ufito. Majivu ninayatoa kila asubuhi na kuyapeleka kwenye bustani. Nyufa kuzunguka tundu la kwanza zilijitokeza mwezi wa nne, nikaziziba mwenyewe kwa udongo wa kichuguu, na zimejitokeza tena mara mbili. Bati la bomba lenyewe limeanza kutoboka karibu na kiungo baada ya mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo kama mfuko unaruhusu, anza na bati nene.

Kipupwe cha 2025 niliugua mafua mara moja, nikapona kwa siku sita bila kufika hospitali. Mtu mmoja akipata mafua mepesi si ushahidi wa jiko lolote, na mwaka huo nilikuwa pia nimeacha kukamua nikiwa na homa. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba wiki ile niliyoumwa bado nilipika, na nilipika ndani.

Mafiga yale matatu hatukuyatupa. Mama mkwe aliyahamishia nje, chini ya mwembe mdogo usiozaa, na kila Jumapili kunapokucha bila upepo anayawashia makande yake, akidai kwamba ya kwenye jiko jipya hayana harufu ya makande. Sisi wengine tunamfuata na vigoda, watoto wakiwa karibu na moto, nami upande ule ambao moshi hauji.