Darizi ya sweta Mwanjelwa ni safi, chapa kwenye poliesta bado

Kwa nembo ya shule kwenye sweta, karakana hii ndogo ya jirani na soko la Mwanjelwa, Mbeya, inastahili nauli hata kwa anayetoka Tukuyu. Kwa chapa ya fulana, soma mpaka chini kabla hujatoa advansi.

Kazi iliyokaguliwa ni ya aina mbili: sweta za kijani za akriliki zenye nembo kifuani, na fulana nyekundu za timu zenye namba nyeupe mgongoni.

Sweta kwanza, maana Juni na Julai hapa Mbeya hakuna mtoto anayetoka asubuhi bila sweta. Kuidarizi ni kazi ngumu: inavutika, na ufumaji wake una mabonde yanayomeza uzi. Mafundi hawa hawaruki hatua. Chini wanaweka kitambaa cha kushikilia, kile cha kukatwa kwa mkasi, kisichochanika kwa mkono. Juu wanatandika plastiki nyembamba inayoyeyuka kwa maji, ili mishono isizame. Watazame wanapofunga fremu: sweta inalazwa, haivutwi. Ikivutwa, inadariziwa ikiwa imetanuka. Ikitolewa inarudi saizi yake, lakini uzi haurudi nayo, na kingo za nembo zinajikunja. Sweta hizi zimelala tambarare kabisa. Ukigeuza ndani, kitambaa cha kushikilia kimepunguzwa kikabaki kama sentimita 1 kuzunguka nembo, na hakuna uzi wa bobini (uzi wa chini wa mashine) unaoning'inia wa kumkwaruza mtoto.

Tena walikataa kudarizi kauli mbiu ya herufi za milimita 3, wakaomba ikuzwe. Wamefanya vizuri sana. Herufi ikishuka chini ya milimita 5, matundu ya "a" na "e" huziba na neno linakuwa bonge la uzi.

Bei hufuata idadi ya mishono. Nembo ya kawaida ya kifuani hula mishono 5,000 hadi 10,000, na ngao iliyojazwa uzi wote hupita ile yenye mistari ya pembeni tu. Ada ya kuandaa faili la mashine, yaani ramani ya mishono ya nembo, ni ya mara moja, kwa hiyo hakikisha wanalihifadhi.

Kwenye fulana ndiko walikoteleza. Namba zilikabidhiwa zikiwa nyeupe pe, na baada ya siku chache zikageuka waridi. Kuzifua hakusaidii. Rangi ya poliesta ikipata joto kali hugeuka mvuke na kupanda mpaka ndani ya wino. Wino wa plastisoli wa kawaida (wino wa plastiki unaoivishwa kwa joto) huiva kwenye nyuzi joto 160 hivi, na kwa poliesta nyekundu huko ni kuzidisha. Hapo ulitakiwa wino unaoiva kwenye 130 hivi, au kutanguliza tabaka la kijivu la kuzuia rangi isipande. Sablimesheni (rangi inayogeuzwa mvuke ili iingie kwenye kitambaa) nayo isingefaa, kwa sababu haina weupe wake: hutegemea weupe wa kitambaa.

Kwenye pamba tupu, chapa yao ya skrini (wino unaosukumwa kupitia wavu) inapendeza. Tahadhari ni asubuhi za baridi. Pamba iliyonyonya unyevu hula joto la mashine kwanza, wino unaiva juu na kubaki mbichi chini. Dai waipashe fulana sekunde 5 kabla ya kuchapa, na usiondoke hujavuta chapa kwa mikono miwili. Ikipasuka kama tope kavu, irudi kwenye joto hapo hapo.

Wakikupendekezea vinaili (plastiki nyembamba inayobandikwa kwa joto) kwenye sweta ya akriliki, kataa. Pasi ya joto hulaza nyuzi na kuacha mraba unaong'aa ambao hautoki tena.

Oda ya fulana za poliesta, hasa nyekundu, ianze na fulana 1 ya majaribio. Ichapwe, ifuliwe, ikae siku kadhaa, kisha itazamwe kwenye mwanga wa jua kabla hazijachapwa zilizobaki.