Chati ya sayari: uchapaji safi, ila Pluto wameitosa bila neno

Hii chati ya ukutani ya mfumo wa jua nimekaa nayo mwezi sasa na kwa uchapaji sina neno, rangi zimekolea, karatasi ngumu, pete za Zohali unaziona mpaka ule mwanya mweusi katikati. Tatizo Pluto. Haipo kabisa, hata kadoti. Kila mtu mzima akiingia anahesabu kwa kidole, anafika Neptuni, anageuka kuniuliza ya tisa iko wapi, na wengine wanakasirika kweli kama wameibiwa kitu cha utotoni, na mi nawaelewa maana sote tulikaririshwa tisa.

Hapo ndo chati ilitakiwa ijibu. Ingeandika tu kwamba 2006 wanafalaki wa IAU, ule umoja wao wa kimataifa, walipiga kura kule Prague, sayari lazima izunguke jua, iwe duara, na iwe imesafisha njia yake, yaani isigawane njia na vitu vingine kibao, Pluto ikafeli hilo la tatu sababu inapita kwenye ukanda wa Kuiper uliojaa mapande ya barafu kibao. Na Eris, gimba jingine la huko mbali lililotangazwa 2005, inakaribiana nayo kwa ukubwa, ukirudisha moja utaachaje nyingine? Hata Ceres, gimba lililo kati ya Mirihi na Mshtarii, iligunduliwa 1801 ikaitwa sayari, baadaye ikashushwa.

Mi binafsi sharti la tatu halinikai vizuri, linaangalia majirani badala ya kitu chenyewe.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Toleo lijalo waweke sayari kibete, ndo kundi walilowekwa Pluto, Eris na Ceres, pale chini kulia, kuna nafasi tupu kubwa kama kiganja.