Kifaa cha kielektroniki cha kuchukua nafasi ya platini kwenye Beetle: kinafaa, ila pima umeme kwanza

Kifaa ninachokizungumzia kimefungwa kwenye Volkswagen Beetle ya 1972. Hukaa ndani ya distributa (kigawa cheche), mahali pa kondensa na platini, yaani swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme ili cheche zitoke, kikifuatana na pete ya sumaku inayovishwa chini ya rota. Kinauzwa katika soko la Kisekka, Kampala, kikiwa na waya mwekundu, waya mweusi, na karatasi ya maelekezo isiyotaja kabisa kiwango cha omu (ukinzani wa umeme) cha koili, ile inayopandisha volti za betri ili kutoa cheche.

Cheche zake sizilalamikii: injini huwaka mara moja asubuhi, hutulia ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, na mtu hahangaiki tena kurekebisha mwanya wa milimita 0.4 kila platini inapolika.

Matatizo yalijitokeza kwenye foleni ya Jinja Road, injini ilipozimika ghafla na kukataa kuwaka mpaka ilipopoa. Fundi alikilaumu kifaa papo hapo na kutaka kinunuliwe kingine, ingawa koili yenyewe ilikuwa haishikiki kwa moto. Muuzaji alikuwa ametushawishi tuchukue pia koili “yenye nguvu” ya omu 1.5, ambayo kwa volti 14 za jenereta inaweza kuvuta ampea 9 na zaidi, ilhali ya omu 3 haifiki 5. Tuliporudisha koili ya zamani, kuzimika kulikoma.

Ikabaki kumisi (cheche kukosekana hapa na pale) usiku, taa zikiwashwa. Mita ilionyesha volti zaidi ya 12 kwenye betri, lakini chini ya 10 kwenye koili. Katika gari hili betri iko chini ya kiti cha nyuma, karibu kabisa na injini, lakini umeme wa koili husafiri hadi kwenye swichi ya ufunguo mbele, kisha hurudi nyuma kwa waya mkongwe ambao hulisha pia choki ya umeme ya kabureta. Platini huvumilia upungufu huo. Kifaa hiki hakiuvumilii. Tulifunga rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) karibu na koili, ikapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, na ule waya wa zamani ukabaki na kazi ya kuiamsha tu.

Kwa hiyo nakipendekeza kwa mwenye koili ya omu 3 na fundi anayekubali kutumia mita kabla ya kulaumu. Baada ya kukifunga, taiming (wakati wa cheche kutoka) ipangwe upya, na ufunguo usiachwe umewashwa wakati injini imezimwa, kwani hapo koili huchemka na kifaa huweza kuungua. Platini na kondensa za zamani zibaki garini kama akiba.