Uchambuzi: Liber Pontificalis, mapapa kuanzia Petro hadi karne ya 9

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina majuzuu matatu ya Liber Pontificalis, yaani Kitabu cha Mapapa, tafsiri ya Kiingereza ya Raymond Davis, wachapaji Liverpool University Press. La kwanza linaanza na Mtume Petro na kuishia mwaka 715, la pili linafika 817, la tatu 891.

Ukitafuta maisha ya watakatifu ya kukuliza machozi, hiki sicho. Walioandika ni makarani wa Kanisa la Roma, majina yao hawakuyaacha, na kazi ilianza karne ya 6. Na karani ni karani tu: papa huyu asili yake wapi, baba yake nani, alikaa miaka mingapi, aliwapa upadre wangapi, kazikwa wapi, kiti kilibaki wazi siku ngapi. Haya, anayefuata! Humo utawakuta Victor I, Miltiades na Gelasius I, wote wameandikwa Waafrika. Afrika ya hapo ni jimbo la Warumi, upande wa Tunisia ya leo, kwa hiyo msije mkagombana kwenye maoni.

Sasa nimefungua kwa Sylvester, papa wa karne ya 4. Hapa ndipo kinaponoga. Kaisari Konstantino anajenga kanisa la Laterani, huko Roma, na karani anapima kila kitu: paa dogo la fedha iliyofuliwa, ratili 2,025, Mwokozi ameketi, ratili 120, mitume 12, kila mmoja ratili 90. Halafu yanakuja mashamba, na kila shamba linaingiza kiasi gani kwa mwaka. Wengi watasinzia. Mimi kurasa hizi ndizo nazipenda kuliko zote, maana unaliona Kanisa lililokuwa likiwindwa juzi tu likigeuka mwenye mali.

Lakini hapo hapo wanakwambia Sylvester alimponya Konstantino ukoma na kumbatiza. Si kweli. Konstantino alibatizwa mwaka 337 karibu na Nicomedia, Uturuki ya leo, akiwa anaelekea kufa, na Sylvester alikwisha kufariki mwaka 335. Juzuu la kwanza ndivyo lilivyo. Telesphorus wa karne ya 2 anapewa sifa ya kuanzisha misa ya usiku wa Krismasi, wakati ushahidi wa kwanza wa Krismasi Roma ni wa mwaka 336!

La pili ni moto. Tarehe 25 Aprili 799, Papa Leo III yuko kwenye maandamano, anavamiwa, wanataka kumtoboa macho na kumkata ulimi. Anakimbilia kwa Charlemagne, mfalme wa Wafranki, na Krismasi ya mwaka 800 anamvika taji la kaisari. Karani, ambaye hafichi yuko upande gani, anasema macho na ulimi vilirudi kwa muujiza. Kisha, kama vile hakuna kilichotokea, anaendelea kuorodhesha mapazia na taa.

La tatu limeniudhi kidogo, ingawa kosa si la mfasiri. John VIII, Marinus I na Hadrian III hawamo, na Stephen V hakumalizwa. Kwa hiyo aliyekuja kwa ajili ya kisa cha maiti ya Papa Formosus kushtakiwa mwaka 897, hapa hatakipata.

Kama mfuko unaruhusu moja tu, chukua la pili. Kila papa ana utangulizi wake na tanbihi za kutosha, hata asiyejua historia ya Roma hatapotea.