Hoja au Harakati: Kipi Hubadili Imani za Watu?

Kwa gharama, hoja ni nafuu: muda na mdomo tu. Harakati zinadai nauli, watu wa zamu, pengine hata faini na jela.

Kwa uhakika, hoja huangukia pua pale msikilizaji anapohisi anaumbuliwa mbele za watu. Hapo anatetea heshima yake, si ukweli. Mazungumzo ya mlangoni, ya kumtembelea mtu nyumbani kwake, ni habari nyingine. Utafiti wa wanasayansi wa siasa Broockman na Kalla (2016) huko Miami, Marekani, ulionyesha kuwa dakika kama 10 za kuuliza na kumwacha mtu asimulie yaliyomkuta zilipunguza chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia, na matokeo yakadumu angalau miezi 3.

Harakati huenda kinyumenyume. Mwanasosholojia Ziad Munson aligundua kwamba wapinga utoaji mimba wengi Marekani walijiunga kabla msimamo wao haujakomaa: walialikwa na mtu wanayemjua, wakashiriki, imani ikafuata. Kwa hiyo mgeni mpe kazi siku hiyohiyo, kushika bango au kuandika majina, mhadhara usubiri. Vurugu zikizuka, lakini, watazamaji wanakukimbia.

Una jirani mmoja mwenye shaka? Kaa naye. Una kundi linaloitikia tu bila kusogea? Litoe nje.