Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ: tathmini kwa wanaosafiri mbali na vituo vya mafuta

Anayetafuta gari la dizeli kwa safari za porini kwa kawaida huanza kuulizia nguvu ya injini, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni la mafuta: injini hii itastahimili dizeli ya namna gani mahali ambapo hakuna kituo, na muuzaji anapima kwa dumu kutoka kwenye pipa lililoshinda juani? Kwa kipimo hicho ninaitathmini Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, nikiilinganisha na ile mpya yenye 1GD ya lita 2.8.

1HZ ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Ina ujazo wa lita 4.2 na silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, haina turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada), na hutoa takribani nguvu farasi 130. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, na umeme unaohitajika ili injini iendelee kuzunguka ni ule wa kuifungua vali ndogo ya kukata mafuta. Kwa hiyo fundi mwenye spana na uzoefu, awe Wasso kaskazini mwa Tanzania au Marsabit kaskazini mwa Kenya, anaweza kubadilisha filta, kutoa hewa kwa pampu ya mkono na kufungua nozeli (vinyunyizio vya dizeli) bila kuunganisha kompyuta. Injini ya 1GD, ambayo iliingizwa kwenye mfululizo huu mwaka 2023, ina nguvu farasi zipatazo 200, inatumia mafuta kidogo zaidi na haipigi kelele nyingi. Hata hivyo, mfumo wake husukuma dizeli kwa shinikizo linaloweza kufikia baa 2,000, kupitia sindano za kunyunyizia mafuta ambazo sehemu zake zimeachana kwa mikroni (elfu za milimita) chache tu. Vumbi lisiloonekana kwa macho, au tone la maji, linatosha kuziharibu, na sindano hizo hazipatikani katika duka la kijijini.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, na kwa sababu hiyo salfa si hofu kubwa kwa anayejaza tenki katika miji yetu. Hatari kubwa huanza mafuta yanapotoka kituoni. Pipa lililojaa nusu hupata joto mchana na kupoa usiku, unyevu wa hewa iliyomo ndani hugeuka matone, na matone hayo hushuka chini, mahali hasa ambapo mpira wa kunyonyea hufika. Maji yakikaa muda mrefu, vijidudu huota kwenye mpaka wa maji na dizeli na kuacha utelezi mweusi unaoziba filta.

Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ni jambo jingine, na ni gumu zaidi kuligundua, kwa kuwa mchanganyiko huo hubaki safi machoni. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli inavyofanya, na hapa ni lazima wapenzi wa 1HZ waambiwe ukweli: pampu yao nayo hulainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Injini hii huvumilia mafuta mabaya kwa muda mrefu zaidi na hutengenezeka kwa urahisi, lakini haina kinga.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba dizeli ya pipa itiwe kwanza kwenye chupa angavu na iachwe itulie kwa dakika kadhaa. Ikiwa na ukungu, au mstari wa maji ukionekana chini, isinunuliwe. Ikifaa, ipitishwe kwenye faneli yenye chujio la kuzuia maji, na kila asubuhi skrubu iliyo chini ya filta ilegezwe ili maji yaliyokusanyika yatoke. Filta mbili za akiba ni mzigo mwepesi sana. Modeli ya 78, yaani ile ndefu ya mfululizo huu, yenye matenki mawili ya lita 90 humpunguzia msafiri ulazima wa kununua njiani, na kwangu sifa hiyo inazidi nguvu farasi zozote.

Kasoro zipo. Bila turbo, injini hupungukiwa pumzi kwenye miinuko, na gari lililosheheni likipanda ukingo wa Ngorongoro, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,200, litakwenda taratibu. Siwashauri watu kuifunga turbo isiyo ya kiwandani, kwa sababu joto linaloongezeka huweza kupasua silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini.

Kwa anayezunguka kwenye lami na kujaza katika vituo vyenye wateja wengi, 1GD ni chaguo bora, nami ningeinunua bila wasiwasi. Kwa anayekwenda mara kwa mara sehemu za mbali kama Loiyangalani nchini Kenya au Engaresero nchini Tanzania, ningemwelekeza kwenye 1HZ, hata iliyotumika, mradi aiwashe ikiwa imepoa kabisa, atazame kama pampu inavuja dizeli kwenye maungio yake, na adai uthibitisho wa lini mkanda wa taimingi ulibadilishwa.