Kitabu cha mtumba kuhusu mkoa wa Batna, Algeria: kichukueni

Nyinyi mnaopenda mambo ya magofu, kuna kijitabu cha historia na jiografia ya mkoa wa Batna kule Algeria, nimekipata kwa muuza vitabu vya mtumba karibu na Marikiti kwa shilingi 350 na wallahi pesa yangu haikupotea.

Kilichonishika ni vile kinaanza na milima kabla hata ya kumtaja Mrumi. Batna iko juu, zaidi ya mita 1,000, theluji huanguka huko, na milima ya Aurès ndo imekaa katikati, huku nyanda za ngano, kule jangwa la Sahara. Ukishaelewa hapo unajua mbona Warumi waliweka kambi kubwa ya jeshi Lambaesis, walikuwa wanachunga njia za mlimani, na Kaisari Hadrian mwenyewe alikuja kuwakagua mwaka 128 na hotuba yake ikachongwa kwenye mawe. Mji wa Timgad nao ulianzishwa na Kaisari Trajan kama mwaka 100, wakakaa wanajeshi wastaafu, barabara zote zimenyooka zikakatana mraba mraba, halafu baadaye mchanga ukaufunika mji mpaka Wafaransa walipoanza kuchimba 1881, ndo maana mpaka leo umebaki vile.

Kuna picha moja ya jiwe pale kwa uwanja wa mji, limechongwa ubao wa mchezo kwa maneno ya Kilatini: kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, huko ndiko kuishi. Yaani ni wazee wa bao barazani kabisa! Picha hiyo peke yake inatosha bei.

Sasa penye kuniudhi. Imedghassen, kaburi la wafalme wa Numidia, ufalme wa kale wa huko, lililojengwa kabla Warumi hawajatia mguu huko, limepewa picha moja ndogo tu. Wachaoui, wenyewe wa milima hiyo, wanatajwa kwa kupita, na vita vya uhuru vilivyoanza usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1954, Aurès ikiwa mstari wa mbele, havijafika hata ukurasa. Wenyeji wamefanywa wageni kwao, hapo sikubali.

Lakini kwa mwalimu wa jiografia au historia bado nasema chukua, nakala zilikuwa zimebaki kadhaa. Fungua ramani ya katikati kabla hujalipa, yangu imechanika kwenye mkunjo na jina la Lambaesis halisomeki vizuri.